Tairi za mwaka mzima kwa gari ya Dar: namna ya kuchagua hatua kwa hatua

Mdogo wangu alitoa gari bandarini, IST nyekundu, na fundi wa mtaani kwetu alivyoiona tu akamwambia dada hizi tairi usiguse, kashata zote zipo, yaani ile michoro ya mpira inayogusa barabara haijalika, utatembea nazo miaka mitatu. Na kweli kwa macho zilikuwa nzuri, nene, nyeusi, zina michoro mingi mingi. Ikaja vuli, mvua ya kwanza kabisa, saa kumi na mbili jioni kwenye foleni ya Mwenge, daladala ya mbele ikasimama, akakanyaga breki mapema tu wala hakuwa na spidi, gari haikusimama. Iliteleza taratibu mpaka ikaingia nyuma ya daladala. Hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, ila boneti, taa na rejeta vilienda. Kesho yake nikachuchumaa pale gereji nikasoma ubavu wa tairi, imeandikwa STUDLESS. Tairi za theluji. Tena umri wake ulikuwa umepita miaka nane.

Tangu siku hiyo mtu wangu wa karibu akiniambia anataka tairi naenda naye dukani, na kila mara ni maelezo yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote hapa, umtumie na mwenzio.

Kwanza, mwaka mzima wa Dar ukoje?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana tairi za aina tatu, za kiangazi, za theluji na za misimu yote. Kinachozitofautisha hasa ni mpira wenyewe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi ya kiangazi unakakamaa na kupoteza mshiko, wakati ule wa theluji umechanganywa uwe laini ili kwenye baridi kali uendelee kunyumbulika. Ya misimu yote wakaiweka katikati ili mtu asihangaike kubadilisha tairi mara mbili kwa mwaka, Goodyear walitoa ya kwao inaitwa Tiempo mwaka 1977 kule Marekani na wengine wakafuata.

Sasa Dar nyuzi 7 tutaziona wapi? Julai alfajiri watu tumejifunika shuka mbili bado ni 19 au 20. Januari na Februari mchana ni 32 na lami yenyewe inachemka kupita hapo. Theluji yetu iko juu Kilimanjaro. Kwa hiyo misimu yetu sisi ni jua kali, masika ya Machi mpaka Mei, vuli ya Oktoba mpaka Desemba, halafu mashimo na vumbi ambavyo havina msimu. Tairi ya mwaka mzima kwa mtu wa Dar ni ile inayovumilia joto, inayoshika kwenye maji na yenye ubavu wa kuhimili shimo. Inaweza kuwa imeandikwa ya kiangazi, inaweza kuwa imeandikwa misimu yote, zote mbili zinafaa. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu tu imeandikwa All Season usikubali, unalipia uwezo wa kupita kwenye theluji ambayo hutakutana nayo.

Hatua ya 1: Fungua mlango wa dereva

Kabla hujaenda dukani fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya bodi utaona stika ndogo yenye saizi ya tairi na upepo wake. Kwenye gari za Japani imeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka. Piga picha. Usichukue saizi kutoka kwenye tairi zilizopo kwa sababu gari imepita mikononi mwa watu na hujui nani alibadilisha nini.

Saizi inasomwa hivi. Chukua 195/65R15 ambayo Noah nyingi zinavaa. 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu ukiupima kama asilimia ya huo upana, yaani ubavu una kama milimita 127, R ni namna nyuzi zilivyosukwa ndani na 15 ni inchi za rimu. Mbele yake kuna namba na herufi, mfano 91H. Hiyo 91 ni uzito ambao tairi moja inabeba, kilo 615, na H ni spidi ya juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180. Spidi hizo huendi wala usiende, ila uzito uangalie sana, usishuke chini ya namba ya stika hata kidogo, hasa kama gari yako inabeba familia na magunia ya mchele kutoka Mbeya. Wenye Hiace na pikapu tafuteni yenye C baada ya saizi au LT mwanzoni, hizo zimetengenezwa kwa mzigo. Tairi ya gari ndogo kwenye Hiace inaingia kwenye rimu vizuri tu, halafu inapasuka Chalinze.

Hatua ya 2: Tafuta alama za theluji

Hapa ndipo wengi tunaumia kwa sababu gari zetu nyingi zinatoka Japani, na Japani kuna mikoa ina theluji miezi mingi, gari inakuja na tairi ilizokuwa nazo. Tairi za mtumba pia hivyo hivyo.

Chuchumaa, zungusha macho ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS iache. Ukikuta kialama cha mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, hiyo imepimwa kwenye theluji, na Dar sikushauri hata kama ni mpya. Majina kama Blizzak ya Bridgestone au iceGUARD ya Yokohama ni tairi nzuri sana kwa kazi yake, ila kazi yake ni barafu. M+S peke yake isikutishe, hiyo ni matope na theluji kwa kifupi, mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, na tairi nyingi za misimu yote na za gari kubwa zinayo.

Kama maandishi yamefutika angalia kashata kwa karibu. Ya theluji kila tofali la kashata limekatwakatwa vimistari vyembamba kama nywele, vingi mno, vimepinda kama mawimbi, na ukibonyeza kwa ukucha mpira unaingia ndani. Ule ulaini kwenye lami ya moto unafanya tofali zipinde unapokanyaga breki badala ya kushika barabara, kwenye maji ndiyo kabisa, na tairi inalika haraka kama kifutio. Hilo ndilo lililompata mdogo wangu. Kashata zilikuwepo kweli, fundi hakudanganya kwa alichokiona, ila kashata si kitu pekee cha kuangalia.

Hatua ya 3: Soma tarehe ya kuzaliwa

Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho wake, utakuta kiduara kirefu chenye namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizi mara nyingi ziko ubavu mmoja tu, kwa hiyo kama huoni usikubali kuambiwa hii haina, mwambie aigeuze. Ukikuta namba tatu tu badala ya nne hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, ondoka hapo dukani.

Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na jua na joto vinauzeesha haraka zaidi. Maduka mengi yetu tairi zinapangwa nje kwenye jua kuanzia asubuhi mpaka jioni kama maboga, kwa hiyo miaka ya tairi ya hapa si sawa na miaka ya tairi iliyokaa ghala lenye kivuli. Mimi kipimo changu ni hiki: mpya nanunua isiyozidi miaka miwili tangu itengenezwe, ikifika miaka mitano naanza kuikagua kila mwezi, ikifika sita naitoa hata kama kashata ipo. Watengenezaji wenyewe wengine wanasema miaka kumi ndiyo mwisho kabisa, lakini mimi kwa jua hili sifiki huko. Na spea usiisahau, spea nyingi za gari zetu zina umri ule ule wa gari, zimelala kwenye buti hazijawahi kugusa barabara, mpira umekauka kama gome. Siku unaihitaji uko Mlandizi usiku ndiyo unajua.

Hatua ya 4: Pima uwezo wake kwenye maji

Hii kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote, nakuomba uisome taratibu.

Kashata ina mifereji, na kazi ya mifereji ni kumeza maji na kuyatupa pembeni ili mpira uguse lami. Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi inapanda juu ya maji na gari inaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla, breki hazina kazi. Mambo manne yanaleta hali hiyo: spidi, wingi wa maji, mifereji iliyoisha na upepo mdogo. NASA, shirika la anga la Marekani, walipochunguza tairi za ndege miaka ya 1960 walikuta kwamba presha ikipungua, tairi inaanza kuelea kwenye spidi ndogo zaidi. Tairi pana nayo inaelea mapema kuliko nyembamba, kwa hiyo wale wanaovalisha gari ndogo tairi pana kwa ajili ya muonekano wajue masika wanayaingia vibaya.

Kwa hiyo ukiangalia tairi, tafuta mifereji mikubwa iliyonyooka kuzunguka tairi nzima, mitatu au minne, mipana, mirefu kwenda chini. Tairi mpya ya gari ndogo mifereji yake ina kama milimita 8. Ndani ya mfereji kuna vinundu vidogo, ukitaka kuvipata haraka tafuta TWI au kipembetatu kwenye bega la tairi kisha shuka chini. Kashata ikilika mpaka ikalingana na vile vinundu imebaki milimita 1.6, hapo hiyo ni kipara, trafiki ana haki ya kukusimamisha. Lakini mimi nakusihi usisubiri huko, kwenye milimita 3 tayari uwezo wa kutupa maji umeshuka sana. Kipimo cha bei rahisi ni njiti ya kiberiti, iingize kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, pima kwa rula ya mtoto ya shule. Pima katikati na pembeni zote mbili. Fanya hivyo Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli.

Zile mvua za kwanza za vuli ndizo zinateleza kuliko za wiki ya pili, kwa sababu vumbi, oili na mabaki ya mpira ya miezi yote ya kiangazi yanachanganyika na maji kidogo na kuwa kama sabuni juu ya lami. Pale barabara ya Mandela yanapopita malori usiku na mchana utaona barabara inang'aa. Tairi nzuri inapunguza hatari, haiiondoi, spidi punguza.

Kwa tairi mpya kuna msaada mwingine. Nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya zinakuja na stika yenye picha ndogo ya wingu la mvua na herufi kuanzia A mpaka E, hiyo ndiyo alama ya breki kwenye maji. A ndiyo bora. Mimi sishuki chini ya C, na ukipata B kwa bei unayoimudu chukua. Picha ya pampu ya mafuta ni ulaji wa mafuta na ya spika ni kelele, hizo mbili ni za ziada tu.

Zile zenye viwango vya Marekani ubavuni utaona maneno matatu, TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Ya kwanza ni uvumilivu wa kulika, namba kubwa inadumu zaidi. Traction ni breki kwenye maji, AA ndiyo juu kisha A, B, C. Temperature ni kuvumilia joto, A, B, C. Kwa Dar tafuta A kwenye zote mbili za mwisho kabla hujaanza kushangilia treadwear kubwa. Wauzaji wanapenda kukuonyesha ile 500 wakisema hii haiishi, lakini mpira mgumu unaodumu saa nyingine ndio huo huo unaoteleza kwenye maji.

Hatua ya 5: Fikiria njia unazopita kila siku

Mtu wa Masaki kwenda Posta na mtu wa Madale ndani ndani hawawezi kununua tairi moja. Kama maisha yako yote ni lami, chukua tairi ya kawaida ya barabarani, kwa gari kubwa inaitwa H/T, yaani ya barabara kuu. Kama unakaa Goba, Kinyerezi, Chanika au Bunju ambako kutoka lami mpaka nyumbani kuna kilomita mbili tatu za udongo unaogeuka utelezi masika, na gari yako ni RAV4, Prado, Hilux na ndugu zake, angalia A/T, yaani ya njia zote, ina kashata iliyoachana kidogo na ubavu mgumu. M/T, yaani za matope, zile za kashata kubwa kama matofali nakushauri uziache kwa watu wa porini, kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri, zinapiga kelele, zinakula mafuta.

Gari ndogo haina A/T ya maana, wewe zingatia ubavu. Mashimo yetu yanapiga rimu, na kinachoikinga rimu ni urefu wa ubavu. Watu wanatoa 195/65R15 wanaweka 205/55R16 wapate rimu kubwa ya kung'aa, kimo cha gurudumu kinabaki karibu sawa lakini ubavu unapungua kutoka milimita 127 mpaka 113, hizo 14 zilizoondoka ndizo zilikuwa zinakulinda ukiingia shimo lililojaa maji ambalo hukuliona. Matokeo yake nyuzi za ndani zinakatika na ubavu unatoa nundu. Tairi yenye nundu haizibwi wala haina dawa, itoe siku hiyo hiyo, hata kama ni mpya.

Hatua ya 6: Mpya au mtumba?

Najua hali ya mfuko, na najua tairi nne mpya ni hela nyingi kwa mara moja. Lakini hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme ya mtumba unauziwa 70,000 ikakutembeza miezi 10, hiyo ni 7,000 kwa mwezi. Tuseme mpya ya kawaida ni 180,000 ikakutembeza miaka minne, hiyo ni 3,750 kwa mwezi. Weka bei halisi utakazopewa siku hiyo upige mwenyewe. Kama huwezi nne kwa pamoja nunua mbili mpya sasa na mbili baada ya miezi michache, ni bora kuliko nne za mtumba.

Ukilazimika mtumba basi nenda mchana, jua liwepo, usiende jioni giza linaingia. Ikague nje ya rimu, asikuonyeshe ikiwa imeshafungwa na upepo, kwa sababu mambo mengi yako ndani. Pitisha mkono ndani pote taratibu ukisikilizia viraka, waya unaochoma, au unga unga wa mpira, ule unga ni dalili kwamba tairi ilitembezwa bila upepo na ubavu umesagika, hiyo itapasuka tu. Kisha ikunje kashata kwa nguvu uone kati ya matofali kama kuna mipasuko. Angalia ukingo unaokaa kwenye rimu usiwe umechanika kwa spana. Futa ubavu kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ile dawa nyeusi ya kung'arisha inaficha nyufa.

Halafu kuna hili la kuchonga. Kuna watu wanachukua kipara wanakichonga mifereji upya kwa kisu cha moto, kikitoka hapo kinaonekana kina kashata. Kilichobaki chini ya ule mfereji ni mpira kiduchu juu ya waya. Namna ya kukamata: tafuta vile vinundu vya TWI ndani ya mifereji. Mfereji una kina lakini vinundu havipo popote, au kingo za mfereji zimepinda pinda na hazilingani upana, kisu kimepita hapo. Weka chini uondoke bila kubishana.

Kuhusu majina, Michelin, Bridgestone, Yokohama, Dunlop, Continental ni za bei ya juu na mara nyingi zinastahili. Za katikati kuna Hankook, Kumho, Maxxis. Za China watu wanazisema vibaya zote kwa mkupuo, mimi sikubaliani, kuna kampuni kubwa kama Linglong, Sailun na Triangle zenye tairi zilizopimwa, ukikuta alama ya E ndani ya duara ubavuni, yaani imepitishwa kwa viwango vya Ulaya, na ile stika ya mvua yenye herufi nzuri, hiyo naichukua mbele ya mtumba wa jina kubwa wenye miaka tisa. Isiyokuwa na alama yoyote wala stika, jina hujawahi kulisikia, iache.

Hatua ya 7: Ngapi, na zikae wapi

Ukinunua mbili, zifungwe nyuma. Mafundi wengi watakuambia mbele kwa sababu ndiko injini inavuta na usukani uko, na mimi nilikuwa naamini hivyo. Lakini kwenye maji mbele ikiteleza gari inaenda moja kwa moja, unaachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza gari inazunguka na dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Kwa hiyo zenye kashata zaidi nyuma, hata kama gari inavuta kwa mbele.

Ekseli moja iwe na tairi pacha, jina moja, mchoro mmoja. Na kwa gari inayovuta magurudumu yote muda wote kama Subaru Forester badilisha nne kwa pamoja, kwa sababu tairi zikitofautiana kimo zinazunguka tofauti na difu inafanya kazi isiyo yake mpaka inakufa.

Hatua ya 8: Simama hapo wakati zinafungwa

Usiende kunywa soda. Kuna tairi zina mshale na neno ROTATION, mshale lazima uelekee gari inakokwenda, zikigeuzwa mifereji inakusanya maji badala ya kuyatupa. Nyingine zina neno OUTSIDE, hilo lazima likae nje ulione. Nimeona zimefungwa kinyume mara nyingi mno, na ni kwa haraka tu.

Dai vali mpya kila rimu, ni hela ndogo. Dai balansi kwa zote nne. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, fanya siku hiyo au wiki hiyo, kwa sababu kama zile za zamani zililika upande mmoja basi kilichozila bado kipo, na kitazila na mpya. Lika la pembeni zote mbili ni upepo mdogo, lika la katikati ni upepo mwingi, lika la upande mmoja ni alaimenti au bushi. Chukua risiti iliyoandikwa saizi na zile namba nne za tarehe.

Hatua ya 9: Upepo

Jamani upepo. Tairi zinapasuka barabara ya Morogoro mchana wa Januari na watu wanasema joto limezidisha upepo, mara nyingi ni kinyume chake. Tairi yenye upepo mdogo inakunjika ubavuni kila inapozunguka, kule kukunjika kunazalisha joto, joto linaachanisha mpira na nyuzi, halafu inapasuka. Kwa hiyo usipunguze upepo kwa sababu ya jua.

Fuata stika ya mlangoni. Kwenye gari za Japani inasoma kPa, kipimo cha presha, 220 ni sawa na 32 kwenye geji ya sheli inayosoma psi, 230 ni 33, 240 ni 35. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa tairi kuvumilia, si ya kujazia. Kijana wa sheli ukimwambia jaza tu atakuwekea anayoizoea, wewe mtajie namba. Pima asubuhi gari haijatembea, kwa sababu ikitembea joto linapandisha usomaji. Tairi nzima kabisa inapoteza kidogo kila mwezi, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi si nyingi, na geji ya mkononi ni kitu kidogo kaa nayo kwenye gari. Naitrojeni kama unaiuziwa kwa hela usijisumbue, hewa ya kawaida karibu asilimia 78 ni naitrojeni tayari.

Pancha nayo: ya kwenye kashata inazibika, na kiraka cha ndani ni bora kuliko kamba ya nje, kamba ikufikishe tu nyumbani. Ya ubavuni haizibwi, mtu akikuambia inawezekana mshukuru uende kwingine. Kila kilomita 10,000 zungusha mbele zirudi nyuma ili zilike sawa, ila hakikisha mshale bado unaangalia mbele.

Ukishatoka dukani kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, tairi mpya ina utelezi juu juu wa mafuta ya kiwandani mpaka ulike kidogo. Na baada ya kilomita 50 mpaka 100 simama sehemu salama, toa spana, zikaze nati zote tena kwa mkono, kwa kuruka ruka kama nyota na si kwa kufuatana, kwa sababu zile zilizokazwa kwa mashine ya upepo zinaweza kulegea baada ya rimu kukaa vizuri kwenye habu, pale inapofungwa.